Mabomba Manne ya Shaba

Shaba iliyotoka motoni ikachovywa majini ina harufu yake. Chuma kinanuka ukali mtupu, lakini shaba inanuka utamu kidogo na uchungu kidogo, na ukiishika kisha ukala ugali, unaisikia vidoleni hadi tonge la mwisho. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka kama kumi, katika kibanda cha mhunzi wa kijiji chetu, juu ya mteremko wa Sekenke, zama zile Mwingereza alipokuwa bado anatawala na stempu za barua zilikuwa na kichwa cha Malkia. Baada ya hapo nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, nimehamia Singida mjini kwenye nyumba ya bati na sakafu ya saruji, na hata leo nikipita kwa mafundi wanaochomelea mageti pua yangu huitafuta harufu ile. Haipo. Wao wananuka rangi.

Baba yangu, Mkumbo, alijifunza kushika spana kwenye mashine za mgodi wa dhahabu, kule chini ya mteremko. Walimsifu kwamba anaweza kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Sifa hizo ndizo zilizotuponza, maana Mzungu mmoja mwenye magari ya mashindano alizisikia, akamchukua kwenda naye Arusha. Alipoondoka nilikuwa kibogoyo wa meno ya mbele. Meno yakaota, nikaingia shule ya misheni, nikafika darasa la tatu, na baba alikuwa hajarudi hata mara moja. Kilichorudi ni barua. Mama hakujua kusoma, bibi mzaa baba hakujua, na sisi tulikuwa watatu tu nyumbani, kwa hiyo nikawa karani wa familia kabla sijajua kufunga kilemba vizuri.

Barua za baba zilikuwa fupi kama kikohozi. Baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, msalimieni mama, wasalamu. Basi. Mama alikuwa ananiambia niandike kwamba mvua zimekataa, kwamba paa la tembe linavuja upande wa ng'ombe, kwamba mama yake anazeeka, aje. Niliandika yote hayo kwa mwandiko wa kujivunia, na jibu lilipokuja halikugusa paa wala mvua. Siku moja karatasi ilibaki na nafasi chini, na mimi kwa kutopenda kupoteza karatasi nikaongeza la kwangu: Baba, hilo gari la mashindano likoje? Lo! Barua iliyorudi ilikuwa na kurasa tatu. Alieleza usukani, akaeleza kiti, akaeleza magurudumu yenye njiti nyembamba kama za baiskeli, na zaidi ya yote akaeleza mabomba ya moshi. Mabomba manne yanatoka ubavuni mwa injini, aliandika, kila moja limepinda kama kiwiko cha mwanamke anayetwanga, yanang'aa hata unaweza kujiona uso.

Nilimsomea mama kurasa zote tatu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kuhusu paa hajasema?" Nikamwambia hajasema. Akainuka kwenda kupepeta mtama.

Mtoto ana akili zake. Mimi nilipiga hesabu nikaona kwamba baba haji kwa ajili ya paa, haji kwa ajili ya mvua, wala haji kwa ajili yetu, lakini kwa gari anaweza kuandika hadi wino umwishie. Fuata nyuki ule asali. Nikaamua kuunda gari lile lile, dogo, lenye kila kitu mahali pake, kisha nimwandikie kwamba liko hapa nyumbani linamngoja alikague. Akilikuta halina kasoro ataona kwamba hata kwetu magari yapo, na hatakuwa na sababu ya kurudi Arusha. Usinicheke. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa na chambo kingine.

Vipimo nilivitoa kwenye barua. Alisema gari lina urefu wa hatua zake tano, nikaamua hatua moja ya baba iwe nusu shibiri ya mkono wangu. Bodi nililifanya kwa makopo ya samli niliyoyapasua na kuyanyoosha kwa jiwe. Magurudumu niliyakata kwenye katambuga kuukuu za baba mwenyewe, zile za mpira wa gari alizoziacha nyuma ya mlango, na nilipokuwa nazikata nilihisi kama namkanyaga. Ilikuwa kazi, lakini ilikwenda. Kilichonitoa jasho ni mabomba. Alisema yana unene wa kifundo cha mkono wa mtoto, na nilipopunguza kwa kipimo changu nikapata unene wa unyasi wa kufagilia. Sasa nenda ukatafute kitu chembamba kama unyasi, kinachopinda bila kuvunjika, kikishapinda kisikunjuke, na juu ya hayo king'ae.

Nilianza na bua la mtama, kwa kuwa ndilo lililojaa nyumbani. Ukilipinda linakatika pale penye pingili. Nililoweka usiku kucha, likakubali kupinda, na lilipokauka likanyooka tena taratibu kama mtu aliyekuwa anajifanya amelala. Nikajaribu kikonyo cha jani la boga, ambacho Mungu amekwisha kukitoboa ndani na kinapinda vizuri ajabu. Saa nne asubuhi lilikuwa bomba, saa saba mchana ilikuwa mboga. Mpira wa vali ya baiskeli ulikubali kila upande na haukukaa upande wowote. Nikateremka hadi kwenye takataka za mgodi, nikaokota waya wa chuma wenye kutu, lakini ule ulikataa kona fupi, na nilipoulazimisha ukavunjika ukanichana kiganja, alama ninayo. Pale pale niliokota kipande cha risasi, ile metali laini. Kwa risasi nilifurahi siku mbili. Inapinda kwa vidole, haikunjuki, haivunjiki. Lakini ina rangi ya majivu, na kila nilipoligusa gari bomba moja liligeukia kwingine, hata ikawa asubuhi nayakuta mabomba yanatazamana kama wake wenza.

Umbo la mpindo wenyewe halikunisumbua, kwa sababu baba alikwisha kulieleza na mfano wake ulikuwa uani kwetu kila siku. Nilimwomba mama anioneshe kiwiko. Alikuwa kwenye kinu, akainua mchi juu na kuuzuia hapo hapo, mkono umepinda, uso umelowa jasho na unga.

"Haya pima upesi," alisema. "Mchi huu si manyoya ya kuku."

Nikapima kwa kamba. Kiwiko chake kilielekea juu, na mimi sikuona ajabu, kwani moshi unakwenda wapi kama si juu? Katika tembe letu moshi wa jikoni ulitokea kwenye tundu la paa lililofunikwa chungu kilichotoboka, na sijawahi kuona moshi uliofukuzwa chini ukatii. Kwa hiyo mabomba yangu yote yalipinda kwenda mbinguni.

Bibi alikuwa ananitazama siku zote hizo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye tumbaku ya kunusa kwenye kikopo kidogo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Babu alimvisha siku alipomwoa. Kwetu, mwanamke wa rika lake hakuivua shaba ya namna hiyo kwa kuoga, wala kwa kulima, wala kwa ugonjwa. Aliivua akifiwa na mtu wake wa karibu tu, na watu wakiona mkono mtupu walijua bila kuambiwa. Babu alipokufa aliivua mwezi mzima, kisha wanawe wakamvisha upya. Sasa mwana alibaki mmoja, na huyo mmoja ndiye alikuwa Arusha.

Jioni moja, risasi yangu ilipokwisha kunitia hasira nikaitupa, aliniuliza, "Marta, hicho unachokitafuta kinafanana na nini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Kinafanana na hicho cha mkononi mwako, bibi."

Mara neno lilipotoka nilitamani ardhi ipasuke. Mama alinikata jicho ambalo hata leo nikilikumbuka najikuta nimenyamaza. Bibi alinusa tumbaku yake, akapiga chafya, akaenda kulala. Siku ya tatu aliniamsha alfajiri, akaniambia nichukue gari langu tufuatane kwa Mzee Kingu, yule mhunzi.

"Nani amefariki?" Mzee Kingu aliuliza alipoambiwa afungue shaba.

"Hajafariki mtu," bibi alisema. "Mjukuu wangu anamwita baba yake. Nami namsaidia kuita."

Mhunzi alikata ncha, akaanza kuikunjua mzunguko baada ya mzunguko. Chini ya shaba ngozi ya bibi ilikuwa laini na nyororo kama ya mtoto, na mkono ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Nililia. Bibi akanikemea, akasema machozi yataitia shaba kutu. Mzee Kingu alikata vipande vinne, iliyobaki akaikunja na kumkabidhi bibi, naye akaitia kwenye kibuyu. Kisha mzee akanifundisha. Shaba iliyokwisha kupindwa mara moja imekuwa kiburi, aliniambia. Ukiipinda tena baridi itapasuka. Ichome hadi iwe nyekundu, ichovye majini, na tofauti na chuma yenyewe italainika. Hapo una muda wa kuifanya utakavyo, lakini si muda mrefu. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, akaniachia koleo. Niliipindia kwenye gunzi la hindi ili kona isivunjike, moja, mbili, tatu, nne, zote kwa kamba ya kiwiko cha mama. Kwa kuwa waya hauna tundu, na bomba lisilo na tundu ni fimbo tu, kila ncha niliipigia msumari ikadidimia kidogo, nikapaka masizi ndani ya kishimo. Ukitazama ungeapa kwamba ni wazi hadi mwisho. Nikazisugua kwa mchanga na majivu. Zikang'aa hadi nikauona uso wangu, mdogo, umepinda.

Niliandika barua. Safari hii sikuandika habari za paa. Nikasema tu: Gari liko tayari, mabomba ni ya shaba, njoo ulikague.

Katika miezi ile ya kungoja watu waliuona mkono wa bibi. Wanawake walikuja mmoja mmoja, na kikapu cha unga, kama mila ilivyo, wakakaa, wakashusha sauti, wakauliza ni nani. Bibi aliwarudishia unga wao. Siku moja nilimsikia akimjibu mmoja wao, "Mwanangu yuko Arusha mwaka wa tano. Kama nimemzika au sijamzika, bado sijui." Mama alikuwa anachochea moto, na hakugeuka.

Akaja. Baada ya mavuno lori lilimshusha barabarani, ana suruali ya kaki yenye mifuko mingi na kofia, na sisi tulisimama uani kama wageni. Nilijificha nyuma ya mama na gari langu likiwa chini ya khanga. Baba alimwendea mama yake kwanza, akainama, "Shikamoo mama," na hakungoja marahaba. Aliuona mkono. Alisimama kama mtu aliyepigwa, akatuhesabu kwa macho, mama, mimi, bibi mwenyewe, akarudia tena.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Hajafariki mtu," bibi alimjibu. "Nimeivua ili uje. Sasa umekuja, karibu mwanangu, kaa."

Nilimwona baba yangu analia. Nawaambia haya kwa sababu baadaye watu walisema hakuwa na moyo. Alikuwa nao.

Jioni nilimtolea gari. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akagusa usukani, akanusa magurudumu akajua ni katambuga zake, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akayaona mabomba. Alicheka! Alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, dereva huyu atakufa kwa kikohozi! Moshi wote unampiga usoni!" Mabomba yanapinda kwenda chini, akanieleza, kisha nyuma, ili upepo uuchukue moshi. Kiwiko alichokiandika kilikuwa cha mchi unaposhuka. Mimi na mama tulikuwa tumepima mchi unapopanda. Alicheka tena, kwa upendo kabisa, na mimi nikajaribu kucheka. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiwiko chake.

Alikaa siku sita. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini hakuna aliyethubutu kumpa. Siku ya nne aliziba paa, na aliliziba vizuri. Kila siku nilimkumbusha mabomba, tuyageuze pamoja, na kila siku alisema ngoja. Siku ya sita alikaa nayo kweli. Akajaribu moja kwa kidole gumba, akaacha haraka. "Imekuwa ngumu," alisema. "Nikiilazimisha itapasuka. Inataka kuchomwa tena." Mzee Kingu alikuwa amekwenda porini kuchoma mkaa. Lori la kumrudisha lilikuwa linapita kesho yake asubuhi. "Yaache hivyo hivyo. Kiangazi kijacho nikija nitayapinda mwenyewe."

Kiangazi kijacho kilikuja peke yake. Zilikuja barua mbili, fupi kama za zamani, kisha hazikuja tena. Miaka miwili baadaye utingo mmoja wa Kiomboi akatuambia amemwona Nakuru, ana gereji, ana mke na watoto. Subira yavuta heri, mama alikuwa akisema, na tangu siku hiyo sikumsikia akilisema tena. Mimi kwa miaka mingi, na hii sijamwambia mtu, niliamini kwamba kosa lilikuwa langu. Kama ningeyapinda chini, angelikagua gari akakosa cha kucheka, akakosa cha kuahirisha, akakaa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu ndipo nikakubali kwamba mwanamume haachi nyumba kwa sababu ya waya nne. Hata hivyo kukubali si kupona. Namtamani hadi leo, si yule wa Nakuru nisiyemjua, ila yule aliyekaa chini uani kwetu na gari langu mapajani, anacheka.

Bibi hakuvaa shaba tena. Alipofariki, mama alinipa kile kibuyu, na nilipoolewa Mzee Kingu, kipofu wa jicho moja kwa uzee, alinizungushia ile iliyobaki kwenye mkono wangu wa kushoto. Haikufika mbali kama ya bibi. Habari za kifo cha baba zilinifikia zimechelewa, kwa mdomo, bila kaburi wala tarehe. Wanawake waliniambia niivue. Nikawaambia sikumzika mimi, siivui. Niliwavulia wengine wote niliowazika, mume wangu na mama yangu, nikaivaa tena. Kwake nilikataa. Mtu aliyesema atakuja kiangazi kijacho hujui lini umeacha kumngoja.

Mjukuu wangu Gadi, ninayeishi naye hapa mjini, naye ana ugonjwa huo huo. Anaunda magari madogo ya mashindano ya zamani. Vifaa vyake vinakuja kwa mabasi kutoka Dar es Salaam, kila kimoja kwenye pakiti: vijibomba vya plastiki, waya wa alumini, waya wa risasi wa kuchomelea, na picha za gari lenyewe anazo kwenye simu, kila upande, unakuza hadi unaona skrubu. Hahitaji kumwandikia mtu barua. Nilimwonesha gari langu, akalitazama kwa heshima, akasema, "Bibi, mabomba yamekosewa, yanatakiwa kwenda chini." Nikamwambia najua. Akaniomba ayageuze. Nikamkatalia, kwamba hicho ni kiwiko cha mama yangu, hakiguswi.

Lakini la kwake alikuwa amekwama. Plastiki iling'aa kwa uongo, alumini ilikuwa nyeupe mno, risasi ilikuwa ile ile ya kwangu. Nikamuuliza anatafuta kitu cha namna gani. Naye, maskini, bila kufikiri, akanishika mkono: "Kama hii yako, bibi." Kisha akaona aibu kama nilivyoona mimi.

Siku ya tatu nilimwamsha alfajiri. Tulikwenda kwa fundi mmoja karibu na stendi, kijana mwenye headphone masikioni, akaikata kwa koleo la umeme bila kuuliza nani amefariki. Nyumbani tuliichoma kwenye jiko la mkaa, tukaichovya kwenye ndoo, na harufu ikaja, ile ile. Nilikaa chini. Gadi akadhani nimeungua. Nikamwelekeza kupinda kwenye gunzi, moja hadi nne, zote kwenda chini, halafu nyuma, kama baba alivyosema. Yametoka mazuri. Baba angekosa cha kucheka.

Sasa ni wiki ya tatu nakaa mlangoni na mkono mtupu. Ngozi iliyokuwa chini ya shaba ni laini, na jua linaiuma. Majirani wanapita, shikamoo bibi, marahaba, wanaendelea na safari zao. Kwetu Sekenke kufikia leo wangekwisha kuja na vikapu vya unga, wakakaa, wakashusha sauti. Nami safari hii nisingewarudishia unga wao. Nangoja tu mtu mmoja aniulize nani amefariki, nimwambie ni baba yangu.